Mvua ni "heavy", upepo si "heavy": jinsi ya kupanga kivumishi kimoja cha Kiingereza na nomino zake

Chukua tahadhari ya hali ya hewa kama zile zinazotolewa Tanzania kwa lugha mbili. Upande wa Kiswahili utasoma mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi makubwa. Upande wa Kiingereza utakuta "heavy rain", "strong winds" na "large waves". Kwetu mvua na mawimbi vyote ni vikubwa, lakini Kiingereza kimevitenganisha, na upepo nao kikaupa kivumishi chake. Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "big rain" na "fierce wind". Ataeleweka, ila msomaji atajua papo hapo kwamba sentensi ile ilizaliwa kwa lugha nyingine.

Mwongozo huu unahusu "heavy" peke yake. Nimelichagua kwa sababu halikosekani kwenye habari, hospitalini, jikoni wala ofisini, na kwa sababu sisi tuna -zito, linalofanana nalo kiasi cha kutosha kumponza mtu. Ukishalimudu, njia hiyohiyo utaitumia kwa "strong", "deep", "high" na "hard".

Hatua ya 1: Anza na nomino

Katika Kiswahili nomino ndiyo yenye amri. Tunasema mzigo mzito, kitanda kizito, majukumu mazito, na kivumishi kinabadili kichwa chake kila nomino inapobadilika. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, na wengi wetu tunapoona hakuna kiambishi cha kupatanisha tunadhani kivumishi kiko huru kwenda popote. Hakiko huru. Nomino ya Kiingereza haichagui kiambishi, inachagua kivumishi chenyewe. "Rain" inataka "heavy". "Wind" inataka "strong", au "high" ikiwa katika wingi. "Fever" inataka "high". "Tea" iliyokolea majani inataka "strong", hata kama kikombe ni kizito kukinyanyua.

Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike "heavy" upande mmoja na -zito upande wa pili. Andika nomino, kisha vivumishi vinavyoandamana nayo, halafu sentensi moja kamili. Kwa mfano, chini ya "rain" weka "heavy" na "light", kisha uandike "Heavy rain delayed the ferry to Zanzibar." Ukikariri kipande kizima, siku ya kukitumia kitakuja kizima.

Hatua ya 2: Zijue familia za nomino zinazolikubali

Nomino zinazokwenda na "heavy" ni nyingi, lakini hazikutupwa ovyo. Zina koo zake.

Ukoo wa kwanza ni wa vinavyoanguka kutoka juu: "heavy rain", "heavy snow", na umande mwingi wa alfajiri, ambao nao husemwa kuwa huanguka, "heavy dew". Ngumi inayotua mwilini nayo ni "a heavy blow", na kutoka hapo maana imehamia kwenye maisha. Timu ikimpoteza mshambuliaji wake tegemeo kwa jeraha, hilo ni "a heavy blow", kama sisi tunavyosema pigo kubwa.

Ukoo wa pili ni wa mambo yanayotiririka au kutendeka kwa wingi na kwa nguvu. Magari barabarani: "heavy traffic". Mapigano makali: "heavy fighting". Ulinzi mkali: "heavy security", ingawa "tight security" ndiyo utakayoisikia zaidi. Damu inayotoka nyingi: "heavy bleeding". Hapa hospitalini panahitaji uangalifu. Wakalimani wa Kiswahili kule Marekani, ambao wengi wao wanawahudumia wakimbizi kutoka Kongo, hukutana na lugha hii kila siku. Hedhi inayotoka kwa wingi ni "heavy periods", na mgonjwa akisema "big periods" daktari atabaki kuuliza maana yake. Mafua makali, kwa Waingereza, ni "a heavy cold". Lakini usiliburute neno mpaka kwenye maradhi mengine. Homa kali ni "a high fever". Kichwa kinachouma sana ni "a bad headache" au "a severe headache". Maumivu makali ni "severe pain". Ugonjwa mzito, wa kumlaza mtu, ni "a serious illness". Yote haya Kiswahili kinayamaliza kwa -kali au -zito, kumbe Kiingereza kimeyagawa kwa vivumishi vinne.

Ukoo wa tatu ni wa watu na mazoea yao, na mimi naona ndio unaochekesha kuliko yote. "A heavy smoker" si mvutaji mnene, ni anayevuta sigara nyingi. "A heavy drinker" ni mlevi wa kupindukia, na hata ukiacha kutaja pombe, msikilizaji ataelewa pombe. Ukitaka chai, itaje: "a heavy tea drinker". "A heavy sleeper" anakwenda kivyake, kwa kuwa haina maana ya mtu anayelala saa nyingi. Ni yule mwenye usingizi wa pono, ambaye hata mlango ukigongwa hageuki. Sasa ungetegemea mlaji naye awe "heavy eater". Utaisikia, lakini iliyozoeleka ni "a big eater". Mpenda kusoma ni "an avid reader". Mzungumzaji sana ni "a great talker". Ndiyo maana nasema familia inakusaidia kukisia tu, haikupi kibali.

Ukoo wa nne ni wa mambo yanayomwelemea mtu: "a heavy workload", "heavy taxes", "heavy losses", "a heavy defeat". Waandishi wa habari za mahakamani wasome hapa mara mbili. Faini kubwa ni "a heavy fine", lakini adhabu kali ni "a severe punishment" au "harsh punishment", na kifungo cha miaka mingi ni "a long sentence". Pia kuna "pay a heavy price", ambayo haihusu bei ya dukani hata kidogo. Maana yake ni kuyaona madhara ya ulichokifanya, kwa mfano serikali iliyopuuza onyo la mafuriko. Bei ya sukari ikipanda, ni "high prices". Na mshahara, hata uwe mnono vipi, ni "a high salary" au "a big salary". "Heavy salary" niiachie Nairobi na Dar es Salaam, ambako naisikia hata kwa waliosoma.

Ukoo wa tano ni wa moyo na hali ya mahali: "a heavy heart", "a heavy silence", "heavy eyelids" kwa kope zinazotaka kufumba. Matangazo ya tanzia kwa Kiingereza hupenda kuanza na "It is with a heavy heart that we announce", pale ambapo sisi husema kwa masikitiko makubwa. Lakini angalia: moyo mzito wa Kiswahili mara nyingi ni kusitasita. Ukisema nina moyo mzito kumwambia, Kiingereza chake ni "I am reluctant to tell him". Ukiandika "I have a heavy heart to tell him", umetangaza msiba ambao haupo.

Wa mwisho ni istilahi zilizokwisha kuganda: "heavy industry" kwa viwanda vya chuma na mitambo, "heavy artillery" kwa mizinga mikubwa, "heavy goods vehicle" kwa malori katika sheria za barabarani za Uingereza, "heavy metals" kwa madini kama risasi na zebaki. "Heavy water" ni maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito iitwayo deuteriamu, na ujazo uleule wa maji hayo huzidi maji ya kawaida kwa uzito kwa takriban asilimia 11. Hizi hazibadilishwi chochote. Huwezi kusema "very heavy industry" wala "strong metals" ukitegemea maana ibaki ileile.

Hatua ya 3: Chuja -zito yako

Hapa ndipo Mswahili anapoteleza kuliko Mfaransa au Mhindi, kwa sababu -zito yetu inabeba kazi ambazo "heavy" haizijui.

Tuingie jikoni. Tui zito, lile la mkamuo wa kwanza, ni "thick coconut milk". Uji mzito ni "thick porridge". Mchuzi mzito ni "a thick sauce". Chochote cha majimaji kilichokolea kinakwenda na "thick". Ungefunga ukurasa hapo, ila lugha ina vituko vyake: krimu ya mapishi ya Kimarekani inaitwa "heavy cream", na kwa kanuni za chakula za Marekani inatakiwa iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 36. Uingereza hawana jina hilo. Wao wana "double cream", yenye mafuta asilimia 48, kwa hiyo anayeoka keki kwa mapishi ya mtandaoni akumbuke kwamba krimu hizi mbili zimetofautiana jina na mafuta pia. Na mananasi ya kopo yaliyolowekwa kwenye maji ya sukari nzito yameandikwa "in heavy syrup". Kwa hiyo tui ni "thick", krimu ni "heavy". Usitafute sababu, kariri.

Chakula kizito nacho kina mtego. Kwetu ni mlo wenyewe, ugali au wali, tofauti na chai na kitafunwa. "A heavy meal" kwa Kiingereza ni mlo unaomkalia mtu tumboni na kumtia usingizi. Ukialikwa London ukasema chakula kilikuwa "heavy", mwenyeji anaweza kudhani unalalamika. Mlo wa kushibisha uusifu kwa "filling" au "hearty".

Sauti nzito ni "a deep voice". Ukungu mzito ni "thick fog" au "dense fog", na "heavy fog" nayo ipo, hasa kwa Wamarekani. Masikio mazito, yaani mtu asiyesikia vizuri, ni "hard of hearing". Mzito wa kuelewa ni "slow to understand", na mwenzako akiwa mzito kujibu ujumbe wako, yeye ni "slow to reply". Damu nzito kuliko maji ni "Blood is thicker than water". Mtu mzito, kwa maana ya mwenye sauti na ushawishi katika siasa, ni "a political heavyweight". Ukimwita "a heavy man", umezungumzia kilo zake, na wengi hawatapenda.

Maneno mazito yanahitaji kupimwa. Onyo kali lililotolewa hadharani ni "strong words". Ila "strong language" ni namna ya adabu ya kusema matusi; ndiyo inayowekwa kwenye onyo kabla ya filamu. Ukimsifu shehe au mchungaji kwa "strong language" umemtukana.

Na mjamzito? Kiswahili kinamwita hivyo tangu ujulikane ujauzito. Kwa Kiingereza ni "pregnant" tu. "Heavily pregnant" ipo, lakini ni kwa aliyekaribia kujifungua. Mwenye mimba ya miezi miwili huwezi kumwandikia hivyo.

Hatua ya 4: Jaribu kinyume chake

Kinyume cha "heavy" katika matumizi mengi ni "light": "light rain", "light traffic", "a light sleeper" ambaye paka akipita ukumbini anaamka, "a light meal", "light industry". Kinyume kikigoma, ujue nomino ile ina tabia yake. Faini ndogo ni "a small fine". Mafua mepesi ni "a slight cold". Lafudhi inayosikika sana ni "a heavy accent", au "strong", au "thick", zote zinakubalika. Isiyosikika sana ni "a slight accent". Kinyume hicho kiandike pamoja na nomino yake kwenye daftari lilelile.

Hatua ya 5: Igeuze sentensi uone kama inasimama

Chukua "heavy rain". Geuza: "The rain was heavy." Imesimama, na maana ni ileile. Fanya vivyo hivyo na "The traffic was heavy" na "The losses were heavy". Sasa geuza "a heavy smoker" iwe "The smoker was heavy." Sarufi haijavunjika, ila umemgeuza mvutaji kuwa mtu mnene. Hivyo kwa ukoo wa tatu, kivumishi kikae mbele ya nomino na kibaki hapohapo. "Heavy industry" nayo haitaki kugeuzwa.

Jaribio la pili ni la kielezi. "It rained heavily." "He smokes heavily." "She was bleeding heavily." Kielezi hiki kina jamaa wanaofaa sana kwenye ripoti za ofisini: "rely heavily on", "invest heavily in", "heavily armed", "heavily in debt", "heavily fined". Badala ya kuhangaika kutafuta kivumishi cha utegemezi mkubwa wa mvua katika kilimo, andika "Farmers rely heavily on rainfall." Sentensi imekuwa fupi na hakuna atakayeigusa.

Hatua ya 6: Angalia umoja, wingi na "a"

"Rain", "traffic", "machinery", "security" na "bleeding" kwa kawaida hazihesabiki, kwa hiyo hazichukui "a" wala "s" katika matumizi haya. "Heavy traffics" na "heavy machineries" ni makosa ninayoyaona mpaka kwenye matangazo ya zabuni. "Heavy rains" kwa misimu ya masika na vuli ni sahihi. Vinavyohesabika, kama "fine", "blow", "defeat" na "smoker", havikai bila "a" vikiwa katika umoja.

Kuhusu foleni: neno "jam" la Nairobi linahesabika, basi ni "a bad traffic jam" au "a huge traffic jam". "Heavy" ibaki na "traffic". "There was heavy jam" itafika ukiwa Thika Road. Ukivuka mipaka, "heavy jam" itamfikirisha mtu mkate na chai.

Hatua ya 7: Hakiki kabla ya kutuma

Usitegemee kutafuta maneno ndani ya alama za nukuu kwenye Google kisha kuhesabu matokeo. Namba zile hazina uhakika, na kurasa nyingi zimeandikwa na watu wenye shida kama yako. Nenda kwenye hazina za matini, yaani makusanyo makubwa ya maandishi halisi yanayotafutika mtandaoni. SkELL ni ya bure na haihitaji kujisajili: andika nomino, bonyeza "word sketch", utaletewa orodha ya vivumishi vinavyoandamana nayo. Ukitaka mifano mingi zaidi, COCA ina zaidi ya maneno bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani, na BNC ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza. COCA itakutaka ufungue akaunti baada ya utafutaji kadhaa.

Andika "wind" usiandike "heavy". Hilo ndilo kosa la matumizi ya zana hizi. Ukiingiza "heavy" utapata orodha ndefu ya kuvutia isiyojibu swali lako. Ukiingiza nomino, utapata vivumishi vyake vimepangwa, na utaona mwenyewe nani yuko juu.

Tulifanyie kazi hili kwa rasimu moja niliyoitunga, yenye makosa ya kila siku:

"There was a big rain in the night and heavy wind removed the roofs of many houses. In the morning the traffics were heavy because a lorry fell on the bridge. The driver, a strong smoker with a heavy voice, said he got a heavy sleep. He may pay a heavy fine or get a heavy punishment."

Sentensi ya kwanza: "There was heavy rain in the night and strong winds blew the roofs off many houses." Kila nomino imepata kivumishi chake, na "a" imeondoka. Ya pili: "In the morning traffic was heavy because a lorry had overturned on the bridge." Kivumishi kilikuwa sawa tangu mwanzo, kilichokuwa kibaya ni wingi, pamoja na lori "kuanguka" kwa Kiswahili. Ya tatu: "The driver, a heavy smoker with a deep voice, said he had fallen asleep." Usingizi uliompitia dereva ghafla hauhitaji kivumishi chochote. Kama mhariri ningeuliza pia sigara na sauti vinahusiana vipi na ajali. Ya nne: "He could face a heavy fine or a long prison sentence." Neno "punishment" nimelitoa kabisa, kwa sababu mahakama itatoa faini au kifungo, na msomaji anataka kujua ni kipi.